Jamel Shabazz

Jamel Shabazz (alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1960) ni mpiga picha wa Marekani anayejulikana kwa picha za mitaani za watu ambao aliongea nao kwanza. Nyumbani kwao kulikuwa na kitabu cha Leonard Freed, Black in White America, na hicho ndicho kilichomvutia kwenye upigaji picha tangu utotoni. Aliporejea mwaka 1980 kutoka jeshini Ujerumani, alianza kuzunguka na kamera mitaani na kwenye treni za chini ya ardhi.

Namna yake ya kumwendea mtu inastahili kuangaliwa kwa makini. Alitembea na albamu. Alimsalimu kijana, akamfungulia kurasa aone wenzake walivyotoka, wakaongea habari za maisha. Kamera ilifuata baadaye. Ndiyo maana vijana hao wanaitazama lenzi bila woga, mikono wameikunja kifuani, kofia na viatu vimechaguliwa kwa uangalifu. Kwa miaka mingi alikuwa pia askari magereza huko Rikers Island, akajionea wapi vijana wa rika hilo waliishia, hivyo maongezi yale yalibeba na ushauri.

Mpiga picha Bruce Gilden, naye mzaliwa wa Brooklyn, hufanya kinyume: humsogelea mpita njia na kumwashia flashi usoni bila kuuliza. Picha zake zina nguvu, lakini gharama ya njia hiyo humwangukia aliyepigwa picha, na kwa hilo njia ya Shabazz ni bora.

Kitabu cha Shabazz, Back in the Days, kilitoka 2001, na A Time Before Crack kikafuata 2005.