Kutoka Uzunguni hadi Ushuani: Usiku Mmoja kwa Miguu

Yapo majina ya mahali ambayo hayamo katika ramani yoyote ya jiji la Dar es Salaam, na bado hakuna mkazi asiyejua yalipo. Sema "Ushuani" mbele ya dereva yeyote wa bajaji, naye hatakuuliza ni kata gani. Ataitazama nguo yako kwanza, kisha atataja nauli ya Oysterbay au Masaki. Kizazi cha babu yangu hakikuwa na neno hilo. Wao walisema "Uzunguni", nao pia hawakuhitaji kuelezana.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kama hayo ni majina mawili au ni jina moja lililobadilishiwa nguo. Kamusi haikunisaidia. Basi Jumamosi moja nikaamua kuyafuata kwa miguu, wakati wa usiku, kuanzia Daraja la Salenda hadi Namanga. Nilichagua usiku kwa sababu mchana mitaa hiyo ina shughuli za kila mtu: mafundi, wapishi, wanafunzi, wauza maua. Jua likizama ndipo mtu huulizwa amefuata nini.

Tuanze na umbo la neno. Kiambishi *u-* mwanzoni na *-ni* mwishoni: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mzungu wa neno hili hayuko kwao Ulaya. Yuko hapa, katika kipande cha mji alichokatiwa. Wajerumani, waliohamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliweka kanuni za ujenzi zilizotenganisha mji kwa aina ya jengo linaloruhusiwa: jumba la mawe huku, kibanda cha makuti kule. Waingereza walioutwaa mji mwezi Septemba 1916 waliendeleza mgawanyo huo katika kanda tatu, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Karatasi za serikali zilitaja majengo. Wenyeji waliyasoma majengo wakaona watu, wakayatungia yale majina matatu. Naona hapo lugha ya mtaani ilikuwa na ukweli zaidi kuliko lugha ya ofisini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango mpya wa jiji uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb mwaka 1949 uligawa makazi kwa kipimo cha msongamano: mdogo, wa kati na mkubwa. Msomaji anaweza kukisia nani alipewa upi. Rangi ya mtu ilijificha ndani ya hesabu, na hesabu ikapangwa juu ya ardhi ileile.

Nilivuka Salenda saa moja na nusu. Daraja hilo lilijengwa mwaka 1929 na kupewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma Tanganyika. Sisi tulilikata jina lake likae vizuri mdomoni. Lilipanuliwa mwaka 1980, na tangu 2022 lina mwenzake, Daraja la Tanzanite, linalopita baharini kwa takribani kilomita moja. Lakini lile la 1929 ndilo lililofungua njia. Kabla yake, mdomo wa Mto Msimbazi uliutenga mji na ufuo wa kaskazini. Baada yake, afisa wa serikali aliweza kuishi mbali na joto na kelele za mji, akafika kazini kwa gari asubuhi. Ndivyo ilivyowezekana Oysterbay kukua ikawa mtaa wa makazi ya Wazungu. Wavuvi wa Msasani walimjua chaza kwa jina lake tangu zamani, ila ghuba iliyopewa jina la mdudu huyo haikutafsiriwa kamwe. Tuliitamka "Osterbei" tukaendelea na maisha.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika nyumba ya afisa mmoja wa Kiingereza. Aliishi nyuma, katika boi kota: chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha linalotazama jiko. Alituhadithia kwamba Jumamosi alipopewa ruhusa alitembea hadi ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja kusikiliza dansi, na mfukoni alikuwa na barua ya bwana wake ikieleza yeye ni nani na anafanya kazi wapi. Barua hiyo haikuwa ya kwendea. Huko alikokuwa akienda hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa ya kurudia, atakapokuwa akipita peke yake saa sita usiku kati ya nyua zilizolala. Alikuwa akitukumbusha hivi: "Ngoma ilikuwa Uswahilini, usingizi ulikuwa Uzunguni." Tukiwa watoto tulidhani anatania.

Niliyakumbuka maneno hayo nilipokuwa nikiifuata Barabara ya Toure, bahari ikiwa mkono wa kulia. Pale Coco Beach usingizi hakuna. Moshi wa mishikaki ulikuwa umetanda juu ya mchanga, mihogo ikikaangwa na kumwagiwa kachumbari na pilipili, wauza madafu wakipiga mapanga yao, na vijana waliotoka Manzese na Mbagala wamekaa wawili wawili wakitazama giza la maji. Familia moja ilikuwa imetandika kanga, bibi katikati, wajukuu wakimzunguka. Katika ufuo wote huo uliokuwa wa Uzunguni, hapa ndipo Uswahilini ilipokuja ikakaa bila kuomba kibali, na kila ziliposikika habari za kuugawa ufuo huu kwa mwekezaji, watu walipiga kelele. Nilinunua muhogo, nikala nimesimama. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kisha nikaingia ndani, katika mitaa yenye miti mikubwa kati ya Toure na Haile Selassie. Hapa hali ni nyingine kabisa. Ukuta unafuatana na ukuta, juu yake nyaya za umeme, na hatua zako mwenyewe unazisikia. Kuta hizi hazikuwa hivi tangu mwanzo. Wakubwa wetu wanakumbuka nyua za michongoma ambazo mtoto angeweza kupenya. Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliokuwa Barabara ya Laibon, katika mitaa hii hii, ulilipuliwa na watu 11 wakapoteza maisha. Baada ya siku ile ulinzi ukawa jambo la kwanza kila palipo na mgeni, na katika mitaa hii wageni ni wengi.

Mlinzi kijana aliinuka kwenye kiti cha plastiki kabla sijalifikia lango lake.

"Shikamoo, mzee. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu. Napita tu."

"Unapita unakwenda wapi?"

"Nazunguka kidogo, kisha nitarudi baharini."

"Huku saa hizi watu hawapiti kwa miguu, mzee."

Alisema kwa adabu tupu. Hakuwa na ubaya wowote, na shikamoo yake ilikuwa ya kweli. Lakini nilijikuta nimepeleka mkono mfukoni kutafuta kitambulisho ambacho hakuna aliyekiomba, na mkono ulipogusa pochi nikamkumbuka babu na barua yake. Nilimuuliza kijana yeye huenda nyumbani kwa njia gani. Akacheka. Akitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, anatembea kwa miguu hadi Namanga kupanda gari la Tandale. Usiku huo nilipata ubeti mmoja, ambao nauweka hapa kwa kuwa baraza hili ni la washairi:

*Salenda nimeivuka, kwa miguu si kwa gari,*
*Mlinzi akanishika, kaniuliza habari,*
*Kamjibu kwa haraka, naifuata bahari,*
*Hapa babu alipika, akilala kwa hadhari.*

Nilifika Masaki saa nne, na hapo ndipo maneno ya babu yalipogeuka juu chini. Muziki ulitoka kila upande. Magari yalipanga foleni pembeni mwa Barabara ya Haile Selassie, na mbele ya malango ambayo zamani yalikuwa ya nyumba za kuishi walisimama mabaunsa wenye fulana nyeusi. (Tulikuwa na neno zuri, "bawabu", ambalo washairi wetu wa kale walilijua. Sijui kwa nini tumelistaafisha wakati kazi yenyewe ipo.) Ndani ya nyua zilizokuwa za maua kuna meza, taa za rangi, mitungi ya shisha na vinywaji ambavyo bei zake sitazitaja kwa heshima ya wasomaji wenye presha.

Vijana wanaita sehemu hizi "viwanja". "Leo tunakula bata kiwanja gani?" Nilikuwa nikilisikia neno hilo kwa miaka bila kulitafakari, mpaka nilipokuwa nimesimama kwenye kona ile. Kiwanja, kwa Kiswahili cha ofisi ya ardhi, ni kile kipande kilichopimwa, kikapewa namba na hati. Mtaa huu wote ulizaliwa kwa viwanja: vipana, vichache, vyenye nafasi ya bustani mbele na boi kota nyuma. Sasa kiwanja cha hati kimekuwa kiwanja cha starehe, na upana uleule aliopimiwa afisa wa kikoloni ili apate utulivu ndio unaotosha jukwaa, baa na maegesho. Sidhani aliyeanzisha msemo huo alikusudia mzaha, ila mzaha umo.

Imekuwaje? Uhuru wa 1961 ulibadilisha wapangaji. Maofisa wetu waliingia katika nyumba za maofisa wao, na mtaa ukaendelea kulala mapema. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Katika miaka hiyo ya ujamaa usiku wa jiji ulikuwa bado ng'ambo ya pili. Bendi zilikuwa za mashirika na jumuiya za umma: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi iliyoanza 1964, Vijana Jazz, Urafiki ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, na Mlimani Park iliyozaliwa 1978 na baadaye kuchukuliwa na DDC. Mtu aliyetaka dansi alikwenda Magomeni, Ilala, Kariakoo, Kinondoni. Hata mkubwa wa Oysterbay, akitaka kusikia Sikinde, ilimpasa alifuate jukwaa Uswahilini na kukaa jirani na kuli wa bandarini. Jambo hilo si dogo. Kwa takribani miongo miwili, katika mji uliopimwa ili watu wasichanganyike, kumbi za dansi ziliwachanganya kila Jumamosi. Hata mashairi ya nyimbo zile yaliandikwa yakijua kwamba wote wawili wanasikiliza.

Baada ya 1985, enzi ya Mzee Ruksa, mlango wa biashara ulifunguliwa. Zilikuja bidhaa, wakaja wageni wa mashirika, zikaja dola za kodi ya nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi, jambo lililozua mjadala mkali ambao haujaisha, na kiwanja kilichokuwa cha umma kikaweza kuwa cha yeyote mwenye fedha. Wakati huohuo kumbi nyingi za zamani zilififia au zikabadilishiwa kazi. Usiku ulihama. Ulivuka Salenda kwenda upande wa pili, na ulipofika kule ukawekewa lango.

"Mshua" katika Kiswahili cha vijana ni baba, hasa baba mwenye uwezo. Mtoto wake ni wa kishua, na anakokaa ni Ushuani. Umbo ni lilelile, *u-* na *-ni*. Kilichobadilika ni nomino ya katikati: pale palipokuwa na rangi pameingia fedha. Wapo watakaosema hayo ni maendeleo, kwa kuwa fedha mtu anaweza kuipata na rangi hawezi kuibadilisha. Nakubaliana nao kwa sehemu. Babu yangu asingeweza kukaa katika meza zile kwa hali yoyote. Mimi ningeweza, kama ningekuwa tayari kumaliza mshahara wa wiki kabla ya saa sita.

Slipway nilipita bila kukaa, maana palikuwa na harusi na palipo na harusi asiyealikwa haongezi hadithi. Nikashuka Msasani kijijini. Hapa ndipo pa wenyewe, kijiji cha wavuvi kilichokuwapo kabla ya Uzunguni na Ushuani, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alichagua Msasani pawe na nyumba yake. Ngalawa zilikuwa zimevutwa juu ya mchanga. Wazee wawili walikuwa wakicheza bao kwa taa ya simu. Niliwaamkia, wakaitikia bila kuuliza naelekea wapi.

Namanga nilifika karibu saa nane za usiku. Walikuwapo wasichana watatu waliovaa sare nyeusi za mgahawa, viatu vya kazi mikononi, miguuni wamevaa ndala, wakisubiri gari lolote la kuelekea Mwananyamala. Mama mmoja alikuwa akiuza chai ya tangawizi na vitumbua. Nikaagiza. Bajaji ikasimama, dereva akatoa kichwa nje na kunitazama viatu vilivyojaa mchanga.

"Mzee, umetoka kiwanja gani?"

Nikamwambia nimetoka kwa babu. Akaniuliza nampeleka wapi, na nauli aliyotaja ilikuwa ya Kinondoni.