Laptopu Ndani ya Oveni: Historia Fupi ya Tiba ya Moto

Wiki tatu kabla ya kukabidhi rasimu ya tasnifu yangu ya uzamili, laptopu yangu ilianza kuchora mistari ya kijani kwenye kioo. Kesho yake kioo kikawa giza. Feni inazunguka, taa inawaka, ila huoni kitu. Fundi mmoja wa Kariakoo aliitazama dakika mbili tu: "Chipu ya picha hiyo, mdogo wangu. Tunaipiga joto, elfu arobaini, lakini sikuhakikishii." Nikarudi nyumbani nikiwaza: kama dawa yenyewe ni joto, si dada ana oveni?

Wazo hilo sikulibuni mimi. Lilishatumiwa na watu wengi, na linaanzia mbali kidogo na jikoni.

Tarehe 1 Julai 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya iliyopitishwa mwaka 2003 ilianza kuzuia vitu sita vyenye sumu kwenye vifaa vya umeme, ikiwemo zebaki, kadimi na risasi. Risasi hapa ni ile metali, sio ya bunduki, ingawa Kiswahili kimezipa jina moja. Ilikuwa imejaa kwenye lehemu, ile gundi ya metali inayoshikilia vipuri kwenye bodi. Lehemu ya zamani ilikuwa na bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, na ilikuwa inayeyuka kwenye nyuzi joto 183. Iliyochukua nafasi yake ni bati lenye fedha na shaba kidogo, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Sababu ya sheria ilikuwa nzuri kabisa: risasi huharibu ubongo wa mtoto, na vifaa vikishatupwa lazima iende mahali fulani. Lakini lehemu mpya ilikuwa ngumu zaidi na yenye tabia tofauti, na viwanda vilibidi vijifunze upya.

Baada ya hapo vifaa vikaanza kufa kwa wingi. Julai 2007 Microsoft ilitangaza kwamba itarefusha waranti ya Xbox 360 hadi miaka mitatu kwa hitilafu moja mahsusi, na ikatenga zaidi ya dola bilioni 1. Wenye mashine hizo walikuwa wakizifunga taulo zikiwa zimewashwa, zijipike zenyewe. Julai 2008 ikawa zamu ya Nvidia: kampuni ilisema inatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa sababu ya chipu za picha za laptopu zilizokuwa na udhaifu kwenye malighafi zake. Laptopu za HP, Dell na Apple zilikuwemo. Kesi ya wateja huko Marekani iliishia kwa maridhiano mwaka 2010.

Waliokosa waranti wakaingia jikoni. Kanuni iliyozunguka zaidi ilisema hivi: toa bodi, iweke juu ya vibonge vya foili, oka kwa nyuzi 385 za Fahrenheit, dakika nane. Maelezo yaliyoambatana nayo yalivutia sana: lehemu isiyo na risasi imepasuka, iyeyushe iungane tena. Lawama zote zikaenda kwa sheria ya Ulaya.

Sasa piga hesabu. Nyuzi 385 za Fahrenheit ni kama 196 za Selsiasi. Lehemu mpya inataka 217. Maana yake, kwa kanuni hiyo lehemu haikuyeyuka hata tone!

Na kuna kejeli ya pili. Kwenye zile chipu za Nvidia, ufa haukuwa kwenye lehemu ya bodi. Ulikuwa ndani zaidi, kwenye vitone vidogo vinavyounganisha kipande cha silikoni na kibao chake. Ni mbinu ambayo IBM iliianza miaka ya 1960. Vitone vile vilikuwa na risasi nyingi mno, aina inayoyeyuka karibu nyuzi 300, ambayo sheria yenyewe ya Ulaya iliiruhusu. Gundi iliyovizunguka ililainika kwenye joto la kazi za kawaida. Kila ukiwasha mashine vitone vinavutwa, ukiizima vinarudi, mpaka vinachoka. Kwa hiyo risasi iliyosemekana imeondolewa ndiyo iliyokuwa inapasuka.

Mbona basi oveni ilisaidia? Joto hutanua vitu, na nyuso mbili za ufa zinaweza kusogezwa zikagusana. Kugusana sio kuungana. Ni kama redio ya zamani unayoigonga ikaimba.

Yote haya niliyasoma baadaye. Jumamosi ile nilikuwa na bisibisi tu na haraka. Laptopu yangu ilikuwa ya kampuni nyingine na ya miaka ya karibuni zaidi, kwa hiyo sidai ugonjwa ulikuwa uleule. Nilitoa betri, diski, na ile betri ndogo ya saa iliyo kwenye bodi (ukiisahau inaweza kulipuka), nikaoka, nikafungua madirisha. Harufu ya plastiki ilibaki hadi jioni. Nilipounganisha kila kitu na kubonyeza kitufe, kioo kikawaka. Nilipiga kelele majirani wakasikia.

Iliishi siku kumi na moja.

Ilipokufa mara ya pili nilikwenda kwa fundi yuleyule, nikamsimulia huku nikikaribia kulia: data ya miezi minane, sampuli za maji za visima thelathini na mbili, zote humo. Akaniuliza, "Diski uliioka?" Nikamwambia hapana, niliitoa kwanza. Akaichomoa, akaiweka kwenye kikasha cha plastiki chenye waya wa USB, akachomeka kwenye kompyuta yake. Mafaili yote yalikuwepo. Kikasha kilikuwa elfu kumi na tano.

Dada aliisugua ile oveni mara tatu kwa siki na magadi, na bado keki tunanunua.