Noradrenalini na Seli Zilizodhaniwa Gundi

Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, mtaalamu wa dawa katika chuo cha tiba cha Augusta, jimboni Georgia, Marekani, alikuwa na makala iliyokwisha kukataliwa na jarida la kwanza alilolipelekea. Alikuwa amewajaribia wanyama kemikali sita za jamii ya adrenalini, akaona jambo la ajabu: kemikali iliyoshika mkia katika kubana mishipa ya damu ndiyo iliyoongoza katika kuuchochea moyo. Akakata shauri kwamba mwili una vipokezi vya aina mbili, akaviita alfa na beta. Makala ilitoka katika jarida jingine, na miaka ikapita bila wengi kuijali, hadi James Black wa Uingereza alipoitegemea kutengeneza propranolol, dawa ya moyo inayouzwa mpaka leo.

Hayo yalikuwa mambo ya moyo na mishipa. Ubongo ulisubiri.

Ulf von Euler wa Sweden alikuwa ameonyesha mwaka 1946 kwamba neva hutumia noradrenalini, kemikali ya jamii hiyohiyo ya adrenalini, kupeleka ujumbe. Mwaka 1954 Marthe Vogt, mwanasayansi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, akachapisha vipimo vyake kutoka Edinburgh: noradrenalini imo ubongoni, na baadhi ya sehemu zinayo nyingi kuliko nyingine. Miaka 10 baadaye, Annica Dahlström na Kjell Fuxe wa Stockholm waliifanya ionekane kwa macho. Vipande vikavu vya ubongo wa panya vilifukizwa kwa mvuke wa formaldehaidi, vikawekwa chini ya hadubini yenye mwanga wa urujuani, na seli zenye noradrenalini zikang'aa kijani. Nyingi zilisongamana katika doa dogo la shina la ubongo, lenye rangi ya buluu kwa binadamu. Kutoka hapo nyuzi zake hutawanyika karibu ubongo mzima.

Nani hupokea kinachomwagwa na nyuzi hizo? Karibu kila mtu alijibu: niuroni, yaani seli za neva. Astrosaiti, seli zenye umbo la nyota, zilikuwa katika kundi ambalo Rudolf Virchow alikuwa amelichukulia katika karne ya 19 kama gundi ya kushikilia neva. Vyombo vya maabara vilivyosikiliza mipigo ya umeme vilizikuta kimya, na ukimya huo ukafasiriwa kuwa uvivu. Hapo ndipo sayansi ilipopoteza miongo.

Dalili ya kwanza ilitoka kwenye seli za uvimbe. Mwaka 1971 Alfred Gilman na Marshall Nirenberg walizitilia noradrenalini seli za jamii ya gundi zilizokuzwa maabarani, na ndani yake AMP ya mzunguko, kemikali inayosambaza amri ndani ya seli, ikapanda sana. Seli za kawaida zilihitaji ufundi zaidi. Mwaka 1980 Ken McCarthy na Jean de Vellis walieleza njia yao: seli za ubongo wa vitoto vya panya hukuzwa ndani ya chupa, kisha chupa hutikiswa usiku kucha. Asubuhi seli zisizoshika vizuri huwa zimebanduka, na astrosaiti hubaki zimeng'ang'ania chini. Katika astrosaiti zilizopatikana hivyo, alfa na beta zote mbili zilionekana. Beta ilipoguswa, AMP ya mzunguko ilipanda na akiba ya sukari iitwayo glikojeni ikavunjwa. Alfa-1, aina mojawapo ya alfa, iliamsha kalsiamu.

Wenye shaka walikuwa na hoja nzito: seli ya chupani si seli ya ubongo hai. Jibu lilikuja kwa panya walio macho. Mwaka 2014 Martin Paukert, Dwight Bergles na wenzao walionyesha kwamba panya anapoanza kukimbia, kalsiamu hupanda kwa pamoja katika astrosaiti za sehemu mbalimbali, na ukiziba vipokezi vya alfa-1, wimbi hilo hufifia.

Kwangu, jaribio linalopita yote ni la Yu Mu na Misha Ahrens, huko Virginia mwaka 2019. Kitoto cha samaki pundamilia kiliwekwa mbele ya picha zinazosonga. Kikiogelea, picha zikikataa kubadilika kana kwamba hakijasogea, kilipambana zaidi, kisha kikakata tamaa. Kila juhudi iliyokwenda bure ilifyatua noradrenalini, na jamaa za astrosaiti zikalimbikiza kalsiamu hadi zikazima kuogelea. Seli hizo zilipoharibiwa kwa leza, samaki hakukata tamaa tena kama mwanzo.

Mwaka 2025 maabara ya Thomas Papouin huko St. Louis ilikwenda mbali zaidi. Kwa panya, noradrenalini ilipunguza nguvu ya mawasiliano kati ya niuroni hata pale niuroni zilipokosa kipokezi chake cha alfa-1. Kipokezi hicho kilipoondolewa kwenye astrosaiti, athari ilitoweka. Astrosaiti ndizo zilizopokea noradrenalini, zikatoa kemikali iitwayo ATP, nayo ikageuka adenosini inayotuliza niuroni. Prazosin, dawa ya presha inayoziba alfa-1 na kupewa pia baadhi ya watu wanaosumbuliwa na jinamizi baada ya vita, hupenya hadi ubongoni. Madaktari wameiandika kwa miongo, wakieleza kazi yake kwa lugha ya mishipa na niuroni. Sasa hesabu hiyo inabidi ifanywe upya, astrosaiti zikiwemo.