Seva ya Nyumbani: Kutoka Wizara ya Fedha hadi Chumba cha Kiwalani

Seva ya nyumbani ni kompyuta inayowashwa mchana na usiku ili ifanye kazi mbili: kutunza mafaili ya nyumba nzima, na kubeba ndani yake kompyuta nyingine zisizo na mwili, ziitwazo mashine pepe. Kila mashine pepe hujiona ina prosesa, kumbukumbu na diski yake, kumbe zote zinakula sahani moja. Kiwalani, kata ya Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, ni mtaa wa aina inayoihitaji mashine kama hiyo: mpiga video za harusi hana pa kuweka kazi za mwaka jana, mwenye studio hataki kupoteza nyimbo, na kijana anayesomea mitandao anahitaji kompyuta tano za mazoezi ilhali ana moja.

Historia ya seva hiyo ni historia ya kugawana kilicho adimu. Kwanza kilichokuwa adimu ni mashine yenyewe, kisha diski, na mwisho umeme.

Mashine moja, watu wengi

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Wakati huohuo, huko Cambridge, Massachusetts, wahandisi wa IBM walikuwa wakitafuta namna ya kuigawa kompyuta moja ya bei kubwa ili kila mtumiaji ajione ana yake peke yake. Mfumo wao, CP-40, ulianza kazi 1967, na mwaka 1972 IBM ikaingiza sokoni VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo prosesa lazima iyatimize ili igawanyike hivyo bila matatizo. Mwaka huohuo serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Kompyuta ndogo zilizoingia baadaye zilikuwa na prosesa za jamii ya Intel, ambazo hazikutimiza masharti ya Popek na Goldberg. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa 1998, ilipata njia ya kuzunguka kikwazo hicho kwa programu, na bidhaa yake ya kwanza ikatoka 1999. Intel iliweka uwezo wa kugawanyika ndani ya prosesa zenyewe kuanzia 2005, na AMD ikafuata 2006. Mwaka 2007 KVM, programu ya kuendesha mashine pepe, iliingizwa katika kiini cha mfumo huria wa Linux, na mwaka 2008 kampuni ya Proxmox ya Vienna, Austria, ikatoa mfumo huria unaosimamia mashine pepe kupitia kivinjari. Kilichokuwa siri ya vyumba vya baridi vya wizara na mabenki kikawa kitu cha kupakua bure.

Kupakua huko nako kulikuwa na historia yake. Hadi 2009 intaneti ya Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, iliyokuwa ghali na ya polepole. Julai mwaka huo mkonga wa baharini wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukaja EASSy. Baada ya hapo faili la gigabaiti moja halikuwa tena mzigo wa wiki nzima.

Mtumba na uniti 75

Mwili wa seva hupatikana Kariakoo na katikati ya jiji, kwenye maduka ya kompyuta za mtumba zilizokwisha kutumika katika ofisi za nje. Mfano mzuri ni Dell OptiPlex 7010, iliyotoka 2012: prosesa yake ya i5 ina viini vinne na uwezo wa mashine pepe, na toleo lake la mnara hupokea kumbukumbu hadi gigabaiti 32. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mamilioni ya kompyuta ambazo Windows 11 haizikubali zilikosa kazi maofisini. Linux haina ubaguzi huo.

Madukani humo huonekana pia seva halisi za kampuni, ndefu na nzito, zenye prosesa mbili. Bei yake huvutia, lakini hesabu ya umeme huzikataa. Mashine inayokula wati 150 bila kupumzika hutumia uniti 108 kwa mwezi. Kundi la D1 la shirika la umeme, TANESCO, lenye bei nafuu, limewekewa wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo seva peke yake ingeitoa nyumba katika kundi hilo. Kompyuta ya mezani inayokula wati 40 hutumia uniti 29 hivi. Katika nyumba za kupanga, ambako vyumba kadhaa huchangia mita moja ya LUKU, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama majirani wataelewana.

Diski za bei rahisi

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kuwa diski nyingi za bei rahisi zikiunganishwa vizuri zinaweza kushindana na diski moja ya bei kubwa. Wazo lao likaitwa RAID. Namna yake nyepesi ni kioo: diski mbili zinaandikwa kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea.

Kioo kina udhaifu mmoja. Diski mbili zikitofautiana kimyakimya, hakijui ipi inasema kweli. Dawa ilitoka Sun Microsystems, ambako Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walibuni ZFS, iliyofunguliwa kwa umma 2005. ZFS huweka alama ya ukaguzi kwa kila kipande cha data, hukikagua kinaposomwa, na hukirekebisha kwa nakala iliyo nzima. Aidha, haiandiki juu ya data ya zamani kabla mpya haijakamilika, sifa yenye thamani mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa. Diski za mtumba zinahitaji mlinzi wa namna hiyo zaidi kuliko mpya.

Kupandisha daraja hufuata mpangilio unaojulikana. Kwanza huongezwa kumbukumbu, kwa kuwa ndiyo inayoweka kikomo cha idadi ya mashine pepe. Kisha huja SSD ndogo, diski isiyozunguka, ya kubeba mfumo na mashine hizo, diski za kuzunguka zikiachiwa mafaili makubwa. Nafasi ikijaa, diski za kioo hubadilishwa moja baada ya nyingine: ya kwanza huondolewa, kubwa huwekwa, data hunakiliwa hadi imalizike, ndipo ya pili hufuata. Nafasi mpya hupatikana ya pili ikishaingia. Mwisho ni mtandao. Harusi ya gigabaiti 200 ikipita kwenye swichi ya megabiti 100 huchukua saa tano. Kwenye swichi ya gigabiti moja, nusu saa.

Giza na mkonga uliokatika

Migao ya umeme ya 2006, 2011 na ile ya mwishoni mwa 2023 iliwafundisha watumiaji kuwa UPS, betri ya akiba, ni sehemu ya seva. Kazi yake ni kuipa mashine dakika chache za kujizima kwa heshima, na programu huria ya NUT ndiyo inayotoa amri ya kujizima. Joto la Dar es Salaam huzichosha mapema betri zake: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu. Ndiyo maana UPS huwekwa mbali na dirisha la jua, na juu ya meza, kwani maji ya mvua za masika huingia hadi sebuleni katika maeneo ya bondeni.

Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM iliharibika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Aliyehifadhi kila kitu ng'ambo alisubiri. Mafaili yaliyokuwa kwenye seva ya chumbani yaliendelea kufunguka kupitia rauta ya ndani. Tegemeo jingine nalo liliondoka mwaka huohuo: VMware, iliyokwisha kununuliwa na Broadcom, ilisitisha ESXi ya bure, mfumo wake wa kuendesha mashine pepe, na wengi duniani waliokuwa wakiitumia nyumbani wakahamia Proxmox.

Kioo, ZFS na UPS haviizuii seva kuibwa au kuungua. Kwa hiyo kanuni ya mwisho ni ya nakala: tatu kwa jumla, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Mkazi wa Kiwalani hutimiza sehemu ya tatu kwa diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, inayopelekwa kwa ndugu Tabata au Mbagala na kurudishwa kila mwezi kuandikwa upya.