Hoteli ya Outspan: Jengo la Nyeri Lililobeba Historia ya Skauti

Hoteli ya Outspan iko mjini Nyeri, makao makuu ya Kaunti ya Nyeri, kando ya Mto Chania, mahali ambapo Mlima Kenya huonekana waziwazi anga linapokuwa safi. Ilifunguliwa mwaka 1928 na Mwingereza Eric Sherbrooke Walker na mkewe, Lady Bettie. Sehemu ya mtaji wao ilitokana na pombe ya magendo aliyoisafirisha Walker hadi Marekani wakati pombe ilipopigwa marufuku huko. Jina Outspan lina asili ya Afrika Kusini, nalo humaanisha kuwafungua nira maksai msafara unapotua.

Mwaka 1932 Walker na mkewe walijenga Treetops, kibanda cha vyumba viwili juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, ili wageni wakeshe wakiwatazama wanyama kisimani. Kwa Wakikuyu, mugumo ni mti mtakatifu, jambo ambalo masimulizi ya watalii hulitaja kwa nadra.

Sifa kubwa ya Outspan, hata hivyo, haitokani na Treetops. Ujanani Walker aliwahi kuwa katibu wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Mwaka 1938 Baden-Powell na mkewe, Olave, walihamia nyumba ndogo iliyojengwa kwa ajili yao katika uwanja wa hoteli. Waliiita Paxtu, kwa kuwa nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na “pax” ni amani kwa Kilatini. Msomaji wa Kiswahili ataisikia kama “amani tu.” Baden-Powell alifariki humo tarehe 8 Januari 1941. Baadaye Jim Corbett, mwindaji na mwandishi aliyehama kutoka India mwaka 1947, aliishi katika nyumba hiyo pamoja na dada yake hadi alipofariki mwaka 1955. Leo Paxtu ni makumbusho madogo, na maskauti kutoka nchi nyingi huizuru.

Amani hiyo ilikuwa ya wachache. Enzi za ukoloni, hoteli za aina hii zilihudumia walowezi na wageni wao, huku Waafrika wakiingia kama watumishi. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Binti Mfalme Elizabeth alikuwa Treetops baba yake, Mfalme George VI, alipofariki Uingereza. Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau wakaiteketeza Treetops. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa katika mji huohuo, kisha akanyongwa Kamiti mwezi Februari 1957. Treetops mpya ilijengwa mwaka huo. Historia ya Outspan isiyowataja wapiganaji hao huwa nusu tu.

Kaburi la Baden-Powell liko katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini humo. Majivu ya Olave yalizikwa hapo mwaka 1977, na Corbett amelala katika makaburi hayohayo. Jiwe la kaburi la Baden-Powell limechongwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuwaambia wanaomfuata kwamba amekwenda nyumbani.