Ngitili, Pori na Mji: Historia ya Miti katika Wilaya ya Magu tangu Sotoka ya Karne ya 19

Maandishi mengi kuhusu uoto wa Usukuma huanza na simulizi moja: palikuwa na msitu, watu wakaongezeka, msitu ukaisha. Kwa Magu, wilaya inayopakana na Jiji la Mwanza upande wa mashariki, simulizi hiyo haikidhi. Migunga, mikwaju na minyaa inayoonekana kati ya Kisesa na mto Simiyu si masalia ya msitu uliokwisha tu. Ni ushahidi wa nani aliwahi kuwa na haki ya kufunga eneo, na ni lini haki hiyo ilimponyoka.

Stanley alipofika Kageye, kwenye pwani ya ziwa, tarehe 27 Februari 1875, alikuwa amekwisha kupita katika nchi ya mashamba na mifugo. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alisisitiza kwamba kulima, kuchunga na kuchoma nyasi ndiko kulikowazuia mbung'o. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno. Malisho yakaachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o pamoja navyo. Hoja hii ikikubaliwa, sehemu ya pori ambalo watawala wa Kiingereza waliliita la asili ilikuwa changa kuliko wazee walioamriwa kulifyeka.

Ufyekaji wenyewe ulipata nguvu Shinyanga katika miaka ya 1920, chini ya C. F. M. Swynnerton, kwa kazi ya pamoja iliyosimamiwa na watemi. Pamba ikafuata, ikadai mashamba mapana. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, uliongeza amri za matuta, za kupunguza mifugo na za kuhamishia watu Geita. Amri hizo zilichukiwa, na chuki hiyo iliipa TANU wafuasi. Tangu hapo neno hifadhi lilibeba harufu ya faini.

Hata hivyo, Wasukuma walikuwa na hifadhi yao. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi kikikaza, hasa kwa ndama na ng'ombe dhaifu. Nyingine ni za kaya, nyingine za jumuiya. Mvunja sheria aliitwa mbele ya dagashida, mkutano wa jamii, akatozwa. Miti haikuwa shabaha ya kwanza. Shabaha ilikuwa nyasi. Lakini eneo lililofungwa huachia visiki vichipue, na hapo ndipo muundo wa uoto unapoweza kusomwa kama kumbukumbu. Ngitili changa huwa na mashina mengi membamba, ya umri mmoja, hasa ya migunga inayochipua upya kila ikikatwa. Iliyotunzwa muda mrefu huwa na miti ya vimo mbalimbali na spishi zaidi. Udongo nao una sauti: mbuga nyeusi huzaa migunga ya aina chache, ilhali luseni, udongo wa kichanga karibu na vilima vya mawe, huruhusu mchanganyiko mpana. Anayelinganisha vipande viwili bila kutenganisha udongo na historia ya umiliki hujidanganya. Minyaa, iliyopandwa kuwa ua wa nyumba, mara nyingi huonyesha mahali palipokuwa na boma lililohamwa.

Utemi ulifutwa mwaka 1963; Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikazitenga kaya nyingi na ngitili zao. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza mwaka 1986 kwa kurejesha mamlaka ya jadi badala ya kuyapuuza, na ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zilivuka hekta 300,000 katika mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha Bariadi na Maswa, majirani wa Magu.

Magu, yenye watu wa asili moja na udongo unaofanana, ilikuwa upande wa pili wa mpaka wa mkoa. Aidha, iko karibu na jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia zaidi ya watu milioni moja, wengi wakipikia mkaa na kuni. Karibu na barabara, hasa upande wa Kisesa, ngitili haishindani tena na pamba bali na kiwanja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake. Ngitili ya kaya, isiyo na hati, hubaki ikitegemea neno la familia, na familia hugawana urithi.