Pedi ya Sumbawanga

Nilikwenda Ufipa kutazama malungu, nikarudi na habari za pedi. Malungu, kwa msomaji wa pwani ambaye pengine hajapata kuyasikia, ni matanuri ya udongo ya kuyeyushia chuma, marefu kupita kimo cha mtu, waliyoyasimamisha wahunzi wa Kifipa katika uwanda wa juu ulio baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Tanuri hilo halikuvukutwa; lilivuta hewa lenyewe kwa mirija iliyopangwa chini yake, na chuma kilichopatikana kikasafishwa katika tanuri dogo la mivukuto kabla ya kufuliwa jembe. Kazi hiyo ilikoma zama za ukoloni, majembe ya kiwandani yalipoenea. Mwaka 1937 R. C. Greig aliiandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na miaka ya 1990 mwanaakiolojia Bertram Mapunda akaitafiti upya.

Baridi ya Julai huko haina mzaha na mtu wa visiwani. Nilikuwa nimejikunyata katika kibanda cha fundi redio, mjini Sumbawanga, nikingoja redio yangu, ndipo nikaiona: pedi ya kuchezea michezo ya televisheni, ambayo gamba lake lilikuwa kisahani cha sabuni, na vitufe vyake vimeng'olewa kwenye rimoti zilizokufa. Nikamwuliza ni ya mashine gani. "Wameiandika Play Station, mzee, lakini siyo," akacheka. "Ndani ni Mario tu."

Maneno hayo yana historia ndefu. Mario huyo ni wa kampuni ya Nintendo ya Kyoto, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni hiyo iliuza Japani mashine iliyoitwa Family Computer, kazi ya mhandisi Masayuki Uemura, aliyefariki mwaka 2021. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu, na michezo yake ilikuja katika kaseti za plastiki. Ilitengenezwa kwa miaka 20, ikasimamishwa mwaka 2003.

Mashine hiyo ilipozaliwa, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Visiwani tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, jambo ambalo Wazanzibari hatuchoki kulikumbusha. Bara, serikali ilikwisha piga marufuku mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na televisheni, na vituo vya kwanza vikafunguliwa mwaka 1994. Kwa hiyo Family Computer halisi ilitupita mbali. Kilichotufikia ni nakala zake. Viwanda vya Taiwani na China viliiiga, kisha vikaibana mashine nzima katika chipu moja iliyofunikwa kwa tone jeusi la gundi ngumu, na kuiuza kwa majina kadha wa kadha. Urusi iliitwa Dendy, Polandi Pegasus. Kwetu aghalabu haikuwa na jina la kudumu. Ilikuwa "gemu", na baadaye ikavishwa sura ya PlayStation ili kumvuta mnunuzi. Kaseti yake iliandikwa kuwa ina michezo 9999999, nawe ukiihesabu ukakuta michache inayojirudia kwa majina tofauti. Nani miongoni mwa wazazi wa zama hizo hakuzozana na watoto juu ya vifaru vile vidogo vya Battle City? Mimi nilikuwa mmoja wao, na siku moja niliitoa mashine ya nyumbani kwangu, kaseti zake na pedi zake, nikampa mwokota vyuma. Niliona nimefanya la maana.

Pedi hufa kabla ya mashine. Chini ya kila kitufe mna kipande cha mpira chenye nukta ya kaboni. Mtoto akibonyeza, nukta hiyo hugusanisha njia mbili za umeme. Kaboni ikilika, kitufe hububuika. Mafundi wengi huirudisha kwa risasi ya penseli au kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyogundishwa vyema. Waya nao hukatika pale unapoingilia, kwa kuvutwa na mchezaji anayeruka yeye badala ya Mario. Gamba likivunjika, basi ndipo kisahani cha sabuni kinapopata kazi.

Namna pedi inavyosema na mashine ni jambo ambalo mpenzi wa ushairi hataweza kulisikia bila kutabasamu. Vitufe ni vinane. Mashine hutoa ishara, na chipu iliyo katika pedi hushika papo hapo hali ya vitufe vyote. Kisha huzitoa moja moja, kwa mpango usiobadilika: A, B, cha kuchagua, cha kuanza, juu, chini, kushoto, kulia. Fundi alinihesabia kwa vidole. Mizani minane, kipande kimoja cha mshororo! Wachezaji wawili wakikaa pamoja, mshororo umetimia. Hurudiwa hivyo mara hamsini au sitini kila sekunde, na silabi moja ikikosekana, Mario huanguka shimoni.

Nilimwuliza juu ya bunduki iliyotundikwa ukutani, ya plastiki ya rangi ya chungwa, ya kuwindia mabata. Hiyo, alisema, haina dawa. Bunduki ile haipigi kitu; yenyewe ni jicho. Ukifyatua, skrini huwa nyeusi kufumba na kufumbua, mahali alipo bata hung'aa, na jicho hutafuta mng'ao huo kwa wakati barabara. Televisheni ya chogo huchora picha yake mstari kwa mstari papo kwa papo. Hizi bapa za leo huchelewa, na jicho huona giza. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na machogo yakaanza kutupwa. Mtu anaweza kuwa na mashine nzima, kaseti nzima na bunduki nzima, asiweze kumpiga bata hata mmoja.

Huko Japani, Ulaya na Marekani wako wakusanyaji wanaoandika kila kitu juu ya mashine ya asili. Mwaka 2021 kaseti moja ya Mario, ya mashine iliyofuata baadaye, ilinadiwa Marekani kwa dola milioni 1.56, thamani yake ilikuwa katika kutofunguliwa kwake. Nakala zetu zilifunguliwa, zikachezwa hadi maandishi ya vitufe yakafutika. Sizilaumu sheria zinazomlinda mbunifu, kwani nami nimekwisha kuona tafsiri yangu ikichapwa bila jina langu. Ila mtafiti atakayetaka kujua watoto wa Rukwa walicheza nini miaka ile hatajibiwa na ile ya mnadani. Atahitaji kaseti ya uongo yenye michezo 9999999, na kisahani cha sabuni. Na tone jeusi la gundi halifunguki: chipu iliyo chini yake ikifa, haina matengenezo.

Mimi hula kwa nakala. Tenzi nyingi za pwani zimetufikia kwa mkono wa mnakili ambaye hakutunga hata ubeti, pengine akakosea neno, nasi twamshukuru kwa kosa lake pia. Greig alipoandika habari za malungu, bado walikuwapo waliojua kulitia tanuri moto. Mafundi wa pedi nao wapo hivi sasa, na wengi wao hawajafika uzeeni.

Fundi wangu anayo daftari la shule la kurasa 48. Kila kiwanda kilitia nyaya rangi zake kilivyopenda. Nyekundu ya huyu ni umeme, ya yule ni ishara. Kwa hiyo kila apatapo pedi ngeni huifungua, hupima, na kuandika: rangi, tundu la ngapi katika matundu tisa ya plagi, kazi yake. Kando ya ukurasa mmoja ameandika kwa penseli, "hii ni ya mtoto wa nesi." Nilimwomba ruhusa nikachukua kalamu. Redio ilikuwa tayari zamani. Nilikaa hadi jioni, nikanakili kurasa sita.